Kraft, Mondelēz na Kraft Heinz: nani anamiliki nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kampuni hizi nimezifuatilia kwa muda mrefu, kwanza kwa udadisi wa pakiti za biskuti, baadaye kwa sababu nilianza kuwahurumia watu wanaofanya kazi ndani ya viwanda vinavyouzwa na kununuliwa. Maswali ninayoulizwa yanafanana. Nimeyajibu hapa kwa kirefu pale panapostahili, na kwa kifupi pale pasipo na mengi ya kusema.

Kraft ni kampuni gani hasa siku hizi?

Mtu akikutajia Kraft, muulize kwanza: Kraft ya lini? Ile Kraft Foods iliyokuwa moja ya kampuni kubwa kabisa za chakula duniani haipo tena kama ilivyokuwa. Tarehe 1 Oktoba 2012 iligawanywa mara mbili. Upande wa vitafunio ukaitwa Mondelēz International, na huko ndiko zilikokwenda Oreo, Cadbury, Milka na Toblerone. Upande wa vyakula vya jikoni vya Amerika Kaskazini ukaitwa Kraft Foods Group, na mwaka 2015 ukaungana na Heinz kuwa Kraft Heinz.

Wengi hukosea jambo moja hapa. Hudhani Mondelēz ndiyo iliyojitenga. Kisheria ni kinyume chake: kampuni ya zamani ilibadili jina ikawa Mondelēz, na Kraft Foods Group ndiyo iliyotolewa nje. Mtoto aliondoka na jina la ukoo, mzazi akabaki anajitafutia jina jipya.

Jina Kraft lilitoka wapi?

Ni jina la mtu. James Lewis Kraft alizaliwa mwaka 1874 karibu na Stevensville, Ontario, nchini Kanada. Mwaka 1903 alikuwa Chicago na dola 65 mfukoni. Alikodi mkokoteni na farasi aliyeitwa Paddy, akawa ananunua jibini kwa jumla na kuwapelekea wenye maduka hadi mlangoni. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa hasara. Ndugu zake walimfuata, na mwaka 1909 biashara ikasajiliwa kwa jina la J.L. Kraft & Bros.

Kilichomtajirisha si farasi wala mkokoteni. Enzi hizo jibini iliuzwa kwa kukatwa kutoka kwenye gurudumu kubwa. Kila kipande kilipokatwa, sehemu iliyobaki wazi ilianza kukauka na kuota ukungu, na wakati wa joto hali ilikuwa mbaya zaidi. Kraft alijaribu kuipasha jibini moto huku akiikoroga bila kupumzika, mafuta yasijitenge, kisha akaifungia kwenye makopo. Mwaka 1916 alipewa hataza ya njia hiyo. Kwa haki, Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, walikuwa wameshatengeneza jibini ya kusindika huko Thun mwaka 1911. Lakini Kraft ndiye aliyeigeuza kuwa biashara kubwa, na Vita Kuu ya Kwanza ilimsaidia, kwa kuwa jeshi la Marekani lilihitaji chakula kisichoharibika njiani.

Familia ya Kraft iliimiliki hadi lini?

Si kwa muda mrefu. Mwaka 1928 kampuni iliungana na Phenix, wenye chapa ya Philadelphia, na mwaka 1930 zote mbili zikanunuliwa na National Dairy Products. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake Kraft imekuwa mali ya wengine. Ila jina lilikuwa na nguvu kiasi kwamba mnunuzi ndiye aliyelivaa: National Dairy ilijiita Kraftco mwaka 1969, kisha Kraft mwaka 1976. Kuanzia 1980 hadi 1986 iliungana na Dart Industries, waliokuwa wakimiliki Tupperware, halafu wakaachana.

Ni kweli kampuni ya sigara iliwahi kuimiliki?

Ni kweli, na si kwa mwaka mmoja au miwili. Philip Morris, watengenezaji wa Marlboro, waliinunua Kraft mwaka 1988 kwa karibu dola bilioni 13, na hawakuiachia hadi Machi 2007.

Sababu inaeleweka ukitazama hali ya wakati ule. Sigara ilikuwa inaingiza fedha taslimu nyingi mno, lakini wavutaji Marekani walikuwa wanapungua na kesi mahakamani zilikuwa zinaongezeka. Fedha zile zilihitaji mahali pa kwenda. Mwaka 1985 Philip Morris walishanunua General Foods kwa dola bilioni 5.6, kampuni iliyokuwa na kahawa ya Maxwell House, Jell-O, Kool-Aid na soseji za Oscar Mayer. Mwaka 1989 wakaiunganisha na Kraft. Mwaka 1990 wakaongeza Jacobs Suchard ya Uswisi, na hapo ndipo Milka na Toblerone zilipoingia. Mwaka 2000 wakainunua Nabisco kwa dola bilioni 18.9, ukijumlisha na madeni yake.

Deni la Nabisco ndilo lililowasukuma kuuza sehemu ya hisa za Kraft kwa umma mwezi Juni 2001. Walikusanya dola bilioni 8.7, na wakati huo ilikuwa ya pili kwa ukubwa kati ya mauzo yote ya kwanza ya hisa katika historia ya Marekani. Philip Morris yenyewe ilijiita Altria mwaka 2003, kisha mwaka 2007 ikawagawia wanahisa wake sehemu yote ya Kraft iliyokuwa imebaki mikononi mwake. Tangu hapo hakuna kampuni ya sigara inayoimiliki.

Kwa maoni yangu, tabia ya kampuni hii ilijengwa katika miaka hiyo 19. Ilizoea kukua kwa kununua, na mtu aliyezoea kununua huona taabu kutulia na kutunza alicho nacho.

Oreo nayo ilipitia njia hiyo hiyo?

Ilipitia njia ndefu zaidi. Oreo ilizaliwa mwaka 1912 katika kiwanda cha National Biscuit Company, Chelsea, jijini New York. Jengo hilo bado lipo, leo linaitwa Chelsea Market. Kampuni ikafupisha jina ikawa Nabisco. Mwaka 1981 iliungana na Standard Brands. Mwaka 1985 ilinunuliwa na kampuni nyingine ya sigara, R.J. Reynolds, na muungano huo ukaitwa RJR Nabisco. Kisha mwaka 1988 ukazuka mnada maarufu ambapo kampuni ya uwekezaji ya KKR iliinunua kwa takriban dola bilioni 25, nyingi zikiwa za mkopo. Deni lile lililipwa kwa kuuza vipande vya kampuni, kimoja baada ya kingine. Mwaka 2000 ikaenda Philip Morris, na leo Oreo ni ya Mondelēz. Biskuti ni ile ile, wenye nayo wamebadilika mara sita au zaidi, inategemea unavyohesabu.

Kwa nini ununuzi wa Cadbury uliwaumiza Waingereza kiasi kile?

Hapa naomba uniruhusu nieleze taratibu.

John Cadbury alifungua duka lake Bull Street, Birmingham, mwaka 1824. Familia yake walikuwa waumini wa Quaker, dhehebu la Kikristo, na wanawe Richard na George walipohamishia kiwanda nje ya mji mwaka 1879, walikusudia kuwajengea wafanyakazi mahali pa heshima pa kuishi. Ndiyo asili ya Bournville, yenye nyumba, bustani na viwanja vya michezo. Kwa hiyo Cadbury kwa Mwingereza haikuwa chokoleti tu.

Septemba 2009 Kraft ilitaka kuinunua kwa pauni bilioni 10.2. Bodi ya Cadbury ikakataa. Kraft ikawaendea wanahisa moja kwa moja. Wakati mvutano ukiendelea, ilitangaza kuwauzia Nestlé biashara yake ya piza za kugandishwa kwa dola bilioni 3.7 ili kupata fedha. Warren Buffett, aliyekuwa mwanahisa mkubwa wa Kraft, alipinga hadharani, akiona bei ni kubwa mno. Januari 2010 bodi ya Cadbury ilikubali pauni bilioni 11.5 hivi, na mapema Februari Kraft ikaishika kampuni.

Sasa tazama kiwanda kimoja tu, Somerdale, kilichokuwa Keynsham karibu na Bristol. Kilijengwa na Fry, familia nyingine ya Quaker ambayo mwaka 1847 ilitengeneza kipande cha kwanza cha chokoleti ya kula, na iliyoungana na Cadbury mwaka 1919. Cadbury wenyewe walikuwa wameshatangaza mwaka 2007 kwamba watakifunga na kuhamishia kazi Poland. Kraft, ilipokuwa inaomba kuungwa mkono, ilisema inaamini itaweza kukiacha wazi. Watu wapatao 400 pale Keynsham walisikia maneno hayo. Siku chache tu baada ya ununuzi kukamilika, tarehe 9 Februari 2010, Kraft ikatangaza kwamba kiwanda kitafungwa, kwa maelezo kuwa mitambo ya Poland ilishafika mbali mno.

Mimi hili silioni kama suala la hesabu. Mtu aliyekwisha kukubali kwamba ajira yake inakwisha, ukamrudishia tumaini kisha ukalichukua ndani ya wiki, umemwumiza mara mbili. Chombo kinachosimamia ununuzi wa makampuni Uingereza, Takeover Panel, kiliikemea Kraft rasmi Mei 2010. Wabunge wakaita viongozi wa kampuni kuhojiwa, na Mkurugenzi Mtendaji, Irene Rosenfeld, hakwenda mwenyewe. Mwaka 2011 kanuni zikabadilishwa: mnunuzi anabanwa zaidi na kauli anazotoa kuhusu wafanyakazi na viwanda. Keynsham haikufaidika na kanuni hizo. Kiwanda kilifungwa mwaka ule ule.

Kama walitumia fedha nyingi hivyo kuikuza kampuni, kwa nini waliigawa miaka miwili baadaye?

Hoja iliyotolewa Agosti 2011 ilikuwa kwamba vitafunio vinakua haraka katika masoko ya nje, ilhali vyakula vya jikoni Marekani vinakua polepole lakini vinaleta fedha za uhakika. Wawekezaji wa aina moja wanataka ukuaji, wa aina nyingine wanataka gawio, na kuwaweka nyumba moja kulionekana kunapunguza thamani ya pande zote mbili. Hoja ina mantiki. Ila ukiisoma ukiwa unaikumbuka Keynsham, huwezi kuacha kujiuliza ununuzi wa mwaka 2010 ulikuwa wa nini.

Mondelēz maana yake nini?

Ni neno la kubuni. Wafanyakazi zaidi ya 1,000 walipendekeza majina, na lililochaguliwa lilitokana na mapendekezo ya wawili kati yao: "monde", yaani dunia, na "delez", inayokusudiwa kuleta wazo la utamu.

Philadelphia ni ya nani? Kila mtu anasema lake.

Na kila mtu yuko sahihi. Weka pakiti mbili za jibini laini ya Philadelphia mezani, moja imenunuliwa London na nyingine New York. Rangi ya fedha ni ile ile, maandishi ya buluu yanafanana. Geuza upande wa nyuma. Ya London ni ya Mondelēz. Ya New York ni ya Kraft Heinz. Mgawanyo wa 2012 ulilikata jina hili kwa ramani: Marekani na Kanada upande mmoja, sehemu kubwa ya dunia iliyobaki upande mwingine.

Nikiongeza kidogo: jibini hii haikuanzia mji wa Philadelphia. Ilitokana na kazi ya William Lawrence, mfugaji wa Chester katika jimbo la New York, miaka ya 1870. Jina lilipachikwa kwa sababu mji ule ulisifika kwa maziwa mazuri.

Na Cadbury inayouzwa Marekani?

Hiyo hutengenezwa na Hershey, chini ya leseni iliyotokana na ununuzi wa mwaka 1988, wakati Hershey iliponunua shughuli za chokoleti za Cadbury nchini humo. Mapishi yake si sawa na ya Uingereza, ndiyo maana wanaoijua ya Bournville hulalamika kuhusu ladha. Mwaka 2015 Hershey ilifikia makubaliano na waagizaji bidhaa waliokuwa wakiiingiza Marekani ile ya Uingereza, nao wakaacha. Mondelēz, mwenye Cadbury duniani, alijaribu kuinunua Hershey mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni 23 na akakataliwa. Bila ridhaa ya mfuko wa amana wa Hershey, unaoshika kura nyingi za kampuni, hakuna anayeweza kuinunua.

Kuna nchi ambapo mgawanyo huu ulileta kesi?

Australia. Kraft iliingia huko kwa ushirika na Fred Walker, mwenye kampuni iliyoanzisha Vegemite, kitu cha kupaka kwenye mkate, mwaka 1923. Baada ya 2012 biashara ile ilikuwa chini ya Mondelēz, iliyoruhusiwa kutumia jina la Kraft kwa muda tu. Mwaka 2017 Mondelēz iliwauzia Bega, kampuni ya Kiaustralia, Vegemite pamoja na siagi ya karanga. Bega ikaondoa neno Kraft kwenye chupa za siagi ya karanga, lakini ikabakiza kifuniko cha njano na lebo ya njano ambayo watu walishaizoea.

Kraft Heinz ikasema: mwonekano huo ni wetu, ulikwenda kwa leseni na leseni imekwisha. Bega ikasema: sisi tumenunua biashara nzima pamoja na sifa yake. Mwaka 2019 Mahakama ya Shirikisho iliipa Bega haki, na rufaa ya mwaka 2020 haikubadili kitu. Kwa hiyo pale Australia neno Kraft lina mwenyewe, na kifuniko cha njano kina mwenyewe mwingine. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivi kwamba chapa ni vitu vingi vilivyofungwa pamoja, na kila kimoja kinaweza kuuzwa peke yake.

Heinz iliingiaje?

Henry John Heinz alianza mwaka 1869 huko Sharpsburg, Pennsylvania, akiuza mizizi ya horseradish iliyosagwa katika chupa za kioo kisicho na rangi, ili mnunuzi aone hakuna kilichochanganywa humo. Alifilisika mwaka 1875, akaanza upya mwaka uliofuata. Ile "57" kwenye chupa ni ya mwaka 1896, na wakati huo alikuwa tayari na bidhaa zaidi ya 60. Aliipenda tu namba.

Mwaka 2013 Heinz ilinunuliwa na Berkshire Hathaway ya Warren Buffett pamoja na 3G Capital, wawekezaji wenye asili ya Brazil, kwa dola bilioni 28 ukijumlisha madeni. Miaka miwili baadaye, Julai 2015, wakaiunganisha na Kraft Foods Group. Wenye Heinz walipata asilimia 51, wenye Kraft asilimia 49 pamoja na gawio maalumu la dola 16.50 kwa kila hisa.

3G walijulikana kwa mtindo mmoja wa kuendesha kampuni: kila mwaka kila idara huanza na bajeti ya sifuri, na kila senti lazima itetewe upya. Gharama zilishuka haraka. Agosti 2015, mwezi mmoja tu baada ya muungano, walitangaza kupunguza watu 2,500. Novemba 2015 wakatangaza kufunga viwanda saba, kikiwemo cha Oscar Mayer kule Madison, Wisconsin. Wasomaji wa hesabu walifurahia faida. Lakini jina la chakula huhitaji kulishwa pia, kwa matangazo, ladha mpya na watu wanaokijua kiwanda, na fedha za kulilisha ndizo zilizokuwa zinakatwa.

Februari 2017 walijaribu kuinunua Unilever kwa dola bilioni 143; wakakataliwa na kujiondoa ndani ya siku mbili. Februari 2019 ukweli ukaonekana vitabuni: Kraft Heinz ilipunguza thamani ya mali zake, hasa chapa za Kraft na Oscar Mayer, kwa dola bilioni 15.4. Siku iliyofuata bei ya hisa ilishuka kwa asilimia 27. Buffett alikiri kwamba walilipa kupita kiasi kwa Kraft. Mwaka 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 62 kumaliza shauri la mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani kuhusu namna ilivyoandika gharama zake. 3G waliuza hisa zao za mwisho mwaka 2023.

Chapa zipi wameshaziuza?

Kraft Heinz iliuza karanga za Planters kwa Hormel mwaka 2021, na mwaka huo huo sehemu ya jibini zake ikaenda kwa Lactalis ya Ufaransa. Mauzo haya ya pili yaliliacha jina la Kraft lenyewe likiwa limegawanyika kwenye rafu moja: vipande laini vya Kraft Singles ni vya Kraft Heinz, ilhali jibini ya Kraft iliyokunwa au ya kipande kizima hutengenezwa Marekani na Lactalis kwa leseni. Mondelēz ilitoa kahawa yake ya Jacobs mwaka 2015 ikaungana na Douwe Egberts, ikauza sehemu kubwa ya bazoka zake, kama Trident, kwa Perfetti Van Melle mwaka 2023, na ikanunua Clif Bar mwaka 2022.

Je, Kraft Heinz nayo itagawanyika?

Septemba 2025 ilitangaza mpango wa kujigawa mara mbili, michuzi na viungo upande mmoja, vyakula vya kila siku vya Amerika Kaskazini upande mwingine. Buffett alisema wazi kwamba uamuzi huo umemsikitisha. Usipange ununuzi wa hisa kwa kutegemea tangazo. Mipango ya namna hii hubadilika, kwa hiyo fuata taarifa za kampuni yenyewe.

Nikiwa na pakiti mkononi, nitajuaje mwenyewe ni nani?

Achana na maandishi makubwa ya mbele. Geuza pakiti utafute mstari mdogo wenye anwani, mara nyingi karibu na orodha ya viambato. Huko utakuta jina la mtengenezaji au msambazaji, na pale panapohusika, maneno yanayosema chapa inatumika kwa leseni ya fulani. Majina yakiwa mawili, mmoja anamiliki jina na mwingine anapika.

Usitegemee namba za mwanzo za msimbo wa mistari. Wengi huamini zinaonyesha nchi ya kiwanda. Zinaonyesha tu ni ofisi ya nchi gani iliyoipa kampuni namba hizo, na kampuni iliyosajiliwa Uingereza inaweza kuwa inatengeneza chokoleti hiyo Poland.